Mtani wa Kujipachika

Kwa miaka thelathini na mbili Bi Umi Bakari alichemsha chai katika ofisi moja ya serikali pale Kilwa Masoko, na katika miaka hiyo alijipatia makabila saba. Hakuzaliwa nayo. Baba yake alikuwa mtu wa Kivinje na mama yake Mmatumbi wa Kipatimu, basi, ukoo ukaishia hapo. Lakini maofisa walikuja na kuhamishwa, na kila aliyekuja alikuja mpweke, na begi lake na picha ya watoto wake, akiangalia dirishani kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. Bi Umi alimwekea kikombe mezani, akaisikiliza lafudhi yake, kisha akasema, "Kumbe wewe Mhaya. Bibi yangu mzaa baba alilelewa na Wahaya." Rangi ikamrudi mtu usoni. Kwa Mnyamwezi alikuwa mtani. Kwa Mmakonde alikuwa mjukuu. Kwa bwana mmoja wa kutoka Moshi, mkali kama pilipili, alikuwa karibu aolewe na binamu yake, na mwaka mzima bwana yule hakumuuliza sukari ya ofisi inakwenda wapi.

"Ni uongo," dada yake Samia alimwambia kwa simu kutoka Mitwero, karibu na Lindi.

"Nawapunguzia watu ugeni," alijibu Bi Umi.

Alipostaafu, nyumba ya serikali aliyokaa ikatakiwa na mtu mwingine. Samia akamtafutia vyumba viwili palepale Mitwero, vyenye jiko na kibaraza, mlango ukitazamana na mlango wake mwenyewe, ukumbi kwa ukumbi. Tangu walipoolewa wakiwa wasichana, mmoja huku na mmoja kule, hawakuwahi kukaa mahali ambapo mmoja akikohoa mwenzake anasikia. Sasa wote wawili walikuwa wajane, na Bi Umi aliitaka nyumba ile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mwenye nyumba, Bi Nusaiba, hakuwa mwanamke wa maneno mengi. Alisema vyombo viwe ndani Jumamosi kabla ya adhana ya Magharibi; vikichelewa, atampa mwalimu mmoja kijana anayeitaka pia. Mwalimu hakutaka kubahatisha. Alikwishaleta godoro lake, akaliegemeza kibarazani.

"Limesogea," Samia aliripoti Alhamisi. "Jana lilikuwa ukutani. Leo limekaribia mlango."

Shida ilikuwa Novemba. Novemba si mwezi wa kuhama katika pwani ile, maana kila gari lenye bodi limekwenda kubeba korosho. Bi Umi alizunguka siku nne akitafuta gari la kukodi. Aliyekuwa na Kenta alisema labda mwezi ujao. Mwingine alikubali kubeba nusu ya vyombo, na alipoulizwa nusu ya pili itafikaje, akasema hilo Bi Umi alifikirie mwenyewe. Hata ikafika Jumamosi asubuhi, ndipo alipoliona Fuso limeegeshwa karibu na soko, limeshusha saruji, linarudi Lindi tupu. Dereva wake, mtu wa miaka arobaini mwenye tumbo la kuheshimika, alikuwa akila chapati amekaa kwenye ngazi ya gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Unakwenda Lindi na hewa?"

Dereva, jina lake Mudathiri, alitaja bei. Bi Umi akatafuta jiwe akakaa. Mudathiri akaeleza, bila haraka, kwamba hana utingo, utingo wake ameomba ruhusa akaokote korosho za baba yake, kwa hiyo vyombo atavipanga mwenyewe na mgongo wake una gharama.

"Baba yake wapi huko?"

"Liwale. Sote tunatoka Liwale."

Bi Umi alinyanyuka kutoka kwenye jiwe kama mtu aliyepona.

"Liwale. Basi wewe Mngindo."

"Mngindo."

"Na mimi nakaa hapa nakupa adabu zangu zote, nakuita mwanangu. Mimi Mmwera, wewe. Mtu wa Rutamba. Toka hapo kwenye ngazi, ondoa na tumbo lako hilo la asali ya kuiba, kalete gari mlangoni kwangu. Utanitoza mimi bei ya mgeni?"

Mudathiri aliacha kutafuna. Uso ukamfunguka kwa furaha ya mtu aliyekutana na mtu wa kwao ugenini.

"Mla panya," alisema kwa upole mkubwa. "Nilishangaa harufu inatoka wapi."

Bei ikashuka. Ikashuka tena alipolitazama gari na kuuliza kama liliokotwa msituni. Kati ya Wamwera na Wangindo utani ni jambo la kale: mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kula chakula chako mbele yako, nawe ukikasirika umeshindwa. Bi Umi alizijua taratibu hizo vizuri, kama mtu anavyoijua nyumba ya jirani: sebule na uani. Chumba cha ndani hakuwahi kuingia.

Wakapakia kitanda cha mninga, kabati la vyombo, jokofu, cherehani, masufuria, mikeka na tenga lenye kuku wanne. Turubai likafungwa kamba, na saa nne wakaondoka. Njiani Bi Umi alistarehe, akamweleza mtani wake habari nyingi. Alimwambia babu yake aliwahi kumuuzia Mngindo mbuzi kipofu. Alimwambia jokofu lile ni zawadi ya ofisa mmoja aliyetaka kumposa. Alimwambia pia kwamba asipofika Mitwero kabla ya Magharibi, nyumba itachukuliwa na mwalimu mwenye godoro, na Mudathiri akacheka kwa zote tatu sawasawa.

Walikuwa wamepita Nangurukuru wanashuka kusini, simu ya Mudathiri ilipolia. Alisikiliza, akasema "Inna lillahi," akaegesha pembeni ya barabara.

"Babu Twalib amefariki," alisema. "Kaka yake babu yangu. Miaka tisini na kitu. Yuko kijiji cha mbele, baada ya Kiranjeranje, alihamia huko zamani. Wanazika saa tisa."

"Mungu amrehemu," alisema Bi Umi, na alimaanisha. "Tutapita tutoe pole, halafu..."

Lakini Mudathiri alikuwa ameirudisha simu sikioni. "Ndiyo baba mdogo, nipo njiani. Na msihangaike kumtafuta mtani. Ninaye hapa garini. Mmwera kabisa, tena mkali."

Hapo ndipo Bi Umi alipokumbuka kwamba kazi ya mtani haiishii kwenye kupunguziwa bei. Kwenye msiba mtani ndiye anayefagia uwanja, anayeteka maji, anayekamata kuku bila kuomba. Zaidi ya hayo, mtani ndiye mwenye jukumu la kumuigiza marehemu, ili wafiwa wacheke kidogo wasije wakapasuka. Alitaka kusema neno. Akaangalia nje ya dirisha, mikorosho ikipita, akahesabu saa zilizobaki mpaka Magharibi, akaona akijitaja sasa atashushwa palepale, yeye na jokofu lake.

Walipofika, watu walikuwa wamejaa uani, na kilio kilikuwa kimechoka, kile cha watu waliolia tangu alfajiri. Baba mdogo wa Mudathiri, Mzee Amiri, ndiye aliyesimamia shughuli. Alimpokea Bi Umi kwa mikono miwili. Akamkabidhi ufagio.

Kando ya jiko, juu ya kinu kilicholazwa, alikaa bibi mmoja mwembamba, rozari shingoni na bandeji gotini. Huyu alikuwa Rosalia, Mmwera pekee wa kijiji kile, mtani wa nyumba ile kwa miaka hamsini. Alimtazama Bi Umi kuanzia viatu. Kisha akamsemesha kwa Kimwera, maneno mengi, mwishoni yakapanda kama swali.

Bi Umi akakohoa.

Rosalia akasubiri kikohozi kiishe. Akauliza tena, polepole.

"Nimekulia Kilwa, dada," alisema Bi Umi. "Lugha imenipotea. Lakini kwetu Rutamba."

"Rutamba kwa nani?"

"Kwa... Bakari."

"Mimi nimezaliwa Rutamba," alisema Rosalia. "Huyo Bakari alikaa upande gani? Wa kisima au wa kanisa?"

Bi Umi alifikiri. "Katikati," alisema.

Rosalia alitazama jiko muda mrefu, midomo ikimchezacheza. Ilionekana anaamua jambo, na kwamba uamuzi wenyewe unampendeza.

"Sikiliza, wewe wa katikati," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi goti limekufa, siwezi hata kuchuchumaa, na watu hawa hawajacheka tangu alfajiri. Mjane yuko ndani, hajala wala hajanena. Utavaa kanzu ya marehemu. Nitakwambia alivyokuwa. Ukikataa, napaza sauti."

Akamwambia mambo matatu. Mzee Twalib alitembea bega la kushoto likitangulia, kama mtu anayepenya mlango mwembamba. Kila jioni aliwahesabu kuku, na kila jioni aliona mmoja ameibiwa. Na tochi yake aliificha kwapani asiibiwe, kisha akageuza nyumba nzima akiitafuta, akituhumu hata wageni.

Kanzu ilinuka karafuu na tumbaku. Bi Umi aliivaa juu ya dera lake, akaipachika kofia nyekundu ya marehemu kichwani, akachukua fimbo na tochi. Miaka thelathini na mbili alikuwa amepita katikati ya wakubwa na sinia mkononi, akiwatazama wanavyokaa, wanavyokuna vichwa, wanavyoita. Na jikoni, pazia likishafungwa, aliwaigiza wote mbele ya birika. Hii ilikuwa kazi ileile, ila sasa palikuwa na watu.

Akaingia uani bega la kushoto mbele.

Mtu wa kwanza kushtuka alikuwa Mzee Amiri. Bi Umi alimpita, akasimama mbele ya kuku wa uani, akaanza kuwahesabu kwa fimbo. Akarudia. Akawageukia waombolezaji, akawatazama mmoja mmoja, na macho yake yakatua kwa shehe.

"Yuko wapi?" alimuuliza.

Kicheko kilianzia upande wa wanaume, kwa aibu, kikiwa kimefunikwa mdomo. Alipoanza kuitafuta tochi, akiwapapasa watu mifukoni, akiinua vifuniko vya masufuria, akimwamuru Mudathiri afungue kinywa, kikavunjika kabisa. Na wakati kila mtu alipokuwa amekwisha kutuhumiwa, aliinua mkono kufuta jasho, na tochi ikaanguka kutoka kwapani.

Ndani ya chumba cha mjane, nyuma ya pazia, ilisikika sauti kavu ya kizee. Bi Tawakali alikuwa akicheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na wanawake waliokuwa naye wakamshika, na baadaye kidogo mmoja akatoka mbio kuomba uji.

"Amekubali kula," alisema.

Jeneza lilipoinuliwa, Bi Umi alijilaza mlangoni kulizuia, kama Rosalia alivyomwelekeza, akadai kwamba mzee haendi popote kabla kuku hajapatikana. Ikabidi wamletee kuku. Mudathiri, akijiandaa kubeba, alimtupia ufunguo wa gari na simu. "Nishikie, mtani." Wanaume wakaondoka na mzigo wao.

Waliporudi kutoka makaburini ilikuwa karibu saa kumi. Simu ya Bi Umi mwenyewe ilikuwa imeshalia mara mbili. "Godoro liko mlangoni," Samia alisema. "Mlangoni kabisa, Umi. Analifuta vumbi."

Bi Umi akamwendea Mudathiri. "Twende sasa, baba."

"Kwenda wapi?"

"Mitwero."

Mudathiri alimtazama kwa huruma. "Mtani haondoki msibani kabla ya kuanua matanga. Siku tatu. Na mimi mfiwa, nitaendesha vipi? Vyombo havitaota mizizi. Jumanne asubuhi tunaondoka."

Bi Umi aliona hakuna njia isipokuwa ile ambayo hakuwahi kuipita. Alisimama katikati ya uwanja, akawaita Mzee Amiri na mashangazi, akavua kofia ya marehemu.

"Naomba mnisamehe," alisema. "Mimi si Mmwera. Sijawahi hata kulala Rutamba. Baba yangu mtu wa Kivinje, mama Mmatumbi. Nilimdanganya huyu ili anipunguzie bei. Mimi si mtani wenu."

Kisha shangazi mkubwa akashika mbavu.

"Sasa anatukana kabila lake," alisema. "Sijaona mtani kama huyu."

"Nasema kweli."

"Ona uso wake," alisema shangazi wa pili, akifuta machozi. "Ona anavyojifanya."

Bi Umi akamgeukia Rosalia, mtu pekee aliyejua. "Dada, waambie."

Rosalia alinyoosha goti lake bovu, akasema kwa utaratibu, "Ni kweli. Huyu si Mmwera."

Hapo Mzee Amiri ikabidi akae chini, maana watani walikuwa sasa wawili na mwili wake ulikuwa wa miaka sabini. Bi Umi aliwaangalia. Katika maisha yake yote alikuwa amesema uongo ukaaminiwa na kila mtu, na siku aliyotoa ukweli wote kwa mkupuo, hakupata hata mnunuzi mmoja. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa mikorosho. Mkononi alikuwa bado na ufunguo.

Akaivaa kofia tena.

Alitembea, bega la kushoto mbele, mpaka kwenye Fuso, akapanda ngazi ya dereva akasimama juu, kanzu ikipepea.

"Basi sikilizeni, Wangindo," alisema. "Mmekula kuku wangu, na sasa mnanicheka. Gari hili nimeliteka. Na dereva wake nimemteka, pamoja na tumbo. Vyote ni mali ya Wamwera mpaka mtakapovikomboa."

Uani kote watu walisogea karibu. Hili lilikuwa jambo zito na tamu: mtani akiteka kitu msibani, mfiwa hawezi kukinyang'anya. Hukikomboa, tena palepale alipokipeleka mtani mwenyewe.

"Tutakomboa kwa nini?" aliuliza Mzee Amiri.

"Kwa mikono yenu. Vyombo vilivyomo vishushwe kwenye nyumba nitakayowaonyesha, viingizwe ndani vyote, kabla ya adhana ya Magharibi. Ikiadhiniwa kuna hata kijiko kimoja nje, gari linabaki kwangu."

"Nyumba hiyo iko wapi?"

"Mitwero."

Mzee Amiri alimtazama Mudathiri, akalitazama jua, akaitazama saa ya mkononi. "Mwanamke huyu ametuweza," alisema. "Pandeni. Wanaume wanane. Wengine wabaki na mjane."

Rosalia naye akadai kupanda, mbele, kwenye kiti, kwa sababu ya goti. Mudathiri aliendesha akicheka na kuomboleza kwa zamu. Nyuma, wanaume wanane walikaa juu ya turubai, na Fuso lilipita Hoteli Tatu na Mchinga kwa mwendo ambao kuku wa tengani hawakuusamehe.

Karibu na Mchinga, Rosalia alimwinamia Bi Umi sikioni.

"Ukishaingia kwako, hakuna wa kukufuata," alisema. "Hawa hawajui kwenu ni wapi, umewaambia, hawakuamini. Lakini Jumatatu wanaanua matanga, na mimi siwezi kuchuchumaa jikoni."

Bi Umi alikuwa anaangalia jua.

Bi Nusaiba alikuwa kibarazani, mikono kifuani, Samia kando yake karibu kulia, na mwalimu amelishika godoro lake kama mtu anayengoja mlango wa basi ufunguliwe. Wakaona Fuso linaingia na wanaume wanane wenye kofia za msibani, na kwenye ngazi kikongwe wa kiume mwenye dera chini ya kanzu.

"Assalaam alaykum," alisema kikongwe. "Sogeza godoro, mwalimu, tunapita."

Wakashusha. Kitanda kilipita kwa ubavu, jokofu kwa mabega manne, kabati likakwama mlangoni likaombewa dua likapita. Mwalimu mwenyewe, akiwa amesimama njiani, alijikuta amebebeshwa cherehani, na akaibeba mpaka ndani, maana hakuna aliyemuuliza. Tenga la kuku lilikuwa la mwisho. Lilivuka kizingiti, na muadhini wa Mitwero akasafisha koo kwenye kipaza sauti.

Bi Nusaiba akamkabidhi Bi Umi ufunguo. "Huyu ni nani?" aliuliza, akionyesha kanzu.

"Ni marehemu," alisema Bi Umi, na kwa uchovu hakuweza kueleza zaidi.

Wangindo wakaswali Magharibi kibarazani, wakanywa maji, wakalichukua gari lao lililokombolewa, wakaondoka na Rosalia wao. Mudathiri alichungulia dirishani. "Jumatatu, mtani," alisema. Wala hakusubiri jibu, kwa kuwa hakuwa na shaka.

Jumapili nzima dada wawili walikaa ukumbi kwa ukumbi. Bi Umi akikohoa, Samia aliuliza kuna nini. Kanzu ya Mzee Twalib ilifuliwa, ikakauka kwenye kamba, na Bi Umi alipita mbele yake mara nyingi kuliko kazi zilivyomhitaji.

"Wape watu wa basi, waifikishe," alishauri Samia. "Umeshapata nyumba. Wewe si wao."

"Si wao," alikubali Bi Umi.

Jumatatu alfajiri alipanda basi la kwanza la kwenda kaskazini, kanzu imekunjwa mapajani. Aliposhuka kijijini, moshi wa jikoni ulikuwa umeshaanza kupanda nyuma ya nyumba ya msiba, na Rosalia alikuwa amekaa juu ya kinu chake kilekile, mguu umenyooshwa.

"Umechelewa," alisema Rosalia. "Anza na sufuria kubwa. Na leo watakuomba umfanye anavyoswali, kwa hiyo njoo karibu nikuonyeshe alivyoinuka kutoka kwenye sijida. Ilimchukua muda, maskini."

Bi Umi akafunga kanga kiunoni, akachuchumaa, akavuta sufuria.